Sauti ya Kijiko

Katika yadi ya vyuma chakavu ya mzee Nickolaus, pale Ifakara, kila chuma kilikuwa na sauti yake, na Agnetha ndiye aliyekuwa akizisikiliza. Waliopita barabarani walimwona ameketi juu ya injini ya trekta iliyokufa zamani, masikio ameyaziba kwa hedifoni, mkononi ana fimbo yenye pete ya plastiki mwishoni, anaipitisha polepole juu ya rundo la takataka kama mtu anayepiga pasi. Wengine walidhani anasikiliza muziki, wakamwonea wivu.

Mashine ililetwa na injinia mmoja wa Morogoro, Theodori, aliyetaka ijaribiwe mahali penye joto na vumbi la kutosha, na kwa vitu hivyo viwili Ifakara haijawahi kukopa kwa jirani. Alieleza mara moja tu, lakini alieleza vizuri. Ile pete inatoa mawimbi ya sumaku yasiyoonekana. Yakikigusa chuma yanaamsha umeme kidogo ndani yake, na umeme ule ndio unaorudisha jibu masikioni. Kutu haiidanganyi, rangi haiidanganyi, wala tope. Shaba ilipiga mluzi mwembamba unaopanda. Aluminiamu ya masufuria nayo ilipiga mluzi, ila wa chini kidogo. Chuma cha kawaida kilikoroma. Na vijiko vya mezani, kile chuma cheupe kisichoshika kutu, viliguna kwa mguno mfupi wa puani, mguno wa mtu anayekataa kusema analolijua.

Aliyeufanya mguno huo kuwa mchezo ni kaka yake, Lukelo. Huyu alikuwa dereva wa bodaboda, na mchana alipitia yadini kumletea dada yake chakula kutoka kwa mama. Siku moja, Agnetha akiwa ananawa, Lukelo alivaa hedifoni na kuanza kujipima mwili mzima kama daktari. Kichwa, kimya. Tumbo, kimya, njaa tupu. Alipofika chini ya goti la kulia akashtuka, akamvalisha dada yake, kisha mzee Nickolaus, nao wasikie. Mashine ilikuwa inaguna mara mbili, ng'mm, ng'mm. Mzee Nickolaus alicheka hadi akashika ubavu. Alisema kijana amemeza vijiko viwili na vimeteremka hadi mguuni, na tangu hapo jina likawa Kijiko.

Ukweli ni kwamba miaka ya nyuma, alipokuwa akikata miwa kwenye mashamba ya sukari, Lukelo alianguka kutoka juu ya tela, mguu ukavunjika mifupa yote miwili. Hospitalini walimwekea vibati viwili, kimoja kwa kila mfupa, wakavikaza kwa skrubu. Alipona akatembea bila kuchechemea, na siri hiyo akaificha, maana alidhani abiria wakijua dereva wao ana vyuma mguuni watapanda pikipiki ya mwingine. Waliojua walikuwa mama, Agnetha, mzee Nickolaus na ile mashine. Jina la Kijiko lilifika hadi kijiwe cha bodaboda, lakini sababu yake haikutoka yadini. Kijiweni walidhani ni kwa vile alipenda kula.

Nyumbani aliuiga mguno ule kila mama alipopakua wali. "Ng'mm, ng'mm," alisema, akiupiga mguu wake makofi. "Vijiko vipo, mama, lete chakula." Mama Klementina alijifanya kukasirika, na alikuwa hodari sana wa kujifanya, kwa sababu kila mara alimwongezea mchuzi.

Mwezi Machi, masika ndiyo kwanza yameanza kupiga, Lukelo aliondoka na pikipiki asubuhi na hakurudi. Pikipiki ilikutwa barabara ya kuelekea kijiji cha Mbingu, imeegemezwa vizuri kwenye mti, ufunguo haupo. Walimtafuta mtoni, kwenye majaruba ya mpunga, hospitalini, mahabusu. Wavuvi waliokulia kwenye mto ule walizungusha mitumbwi yao, wakarudi wakitikisa vichwa. Baada ya muda majirani walianza kunong'ona kwamba ifike mahali familia iweke matanga, na hapo mama Klementina akawaka. Matanga ya nani? Nani amemwona amekufa?

Alikataa kukaa chini. Mama aliyefiwa huketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, wanawake wenzake wamemzunguka. Yeye tangu Machi hakuketi popote isipokuwa kwenye kiti, mgongo wima. Hata mchele aliuchambulia kitini, ungo mapajani, na kila jioni alipakua sahani ya Lukelo akaifunika. Agnetha aliiona sahani ile asubuhi, wali umeganda, akawamwagia kuku. Ilimuuma kuliko kilio chochote.

Aliyewasaidia kuliko wote alikuwa Fridolin, mchoma matofali aliyehamia kutoka Mlimba, tanuru lake likiwa njia ya Namawala. Mwanzoni mwa mwaka alileta posa kwa Agnetha, na kwa kuwa baba yao alishafariki, wa kujibu alikuwa Lukelo. Lukelo aliirudisha. "Simwelewi yule mtu," alimwambia dada yake. "Anacheka kabla hujamaliza kusema." Lakini Lukelo alipopotea, Fridolin hakuonyesha kinyongo hata kidogo. Aliongoza watu kutafuta. Aliingia kwenye maji hadi kifuani, akatoka analia. Na tanuru aliloliwasha wiki ile ile, mji mzima ukamcheka maana nani anachoma matofali mvua zikishaanza, matofali yake yote alimpa mama Klementina bure. "Tujenge chumba cha Lukelo, mama," alisema. "Akirudi akute pake."

Nusu ya matofali hayakuiva sawasawa, lakini mama aliyabariki yote. Sasa ilikuwa Oktoba. Kuta zilishasimama, bati zilishapigwa, na kilichobaki ni sakafu, ambayo Fridolin aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, akileta kifusi kwa mkokoteni na kushindilia. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kujibiwa posa aliyoileta mara ya pili. Mama alikuwa upande wake kabisa. Agnetha naye, tusimsingizie, alikuwa ameanza kukubali. Alitafuta kosa la mtu huyu akalikosa, na kulikosa huko kulimkosesha raha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile bibi Emerensiana alipoingia yadini na ndoo kichwani.

Bibi huyu aliishi kwa majivu. Alipita kwenye matanuru yaliyobomolewa, akachekecha majivu ya kwenye midomo ya moto, akayauza kwa wenye bustani. Vilivyobaki kwenye chekecheke, yaani misumari ya mbao chakavu, nyaya, vipande vya mapipa, alivileta kwa mzee Nickolaus.

"Shikamoo, bibi," Agnetha alimwamkia, akamtua ndoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo misumari mitupu, usitegemee shaba."

Agnetha alivaa hedifoni, akaipitisha pete juu ya ndoo. Ilikoroma, kama ilivyotarajiwa. Akaizungusha upande wa pili. Koromo likakatika, na katikati yake pakatoka mguno.

Ng'mm.

Mkono wake ulirudi nyuma wenyewe. Alijiambia ni kijiko, kibarua fulani alikula uji akakitupa motoni. Akarudia. Kijiko cha mezani huguna kwa ufupi na wepesi, lakini mguno huu ulikuwa mzito, una mkia. Katika muda wote aliokaa na fimbo ile, sauti hiyo aliisikia mahali pamoja tu, chini ya goti la mtu mmoja.

Alivua hedifoni, akatandika gunia chini, akaimwaga ndoo. Misumari ilitawanyika, na kati yake kilikuwapo kibati kilichopinda kidogo, urefu wake kama kiganja, kimetobolewa matundu yaliyojipanga mstari mmoja. Moto ulikuwa umekifanya cheusi, na penye weusi uliobanduka paling'aa rangi ya buluu. Kwenye matundu mawili skrubu zilikuwa bado zimekaza. Zilikuwa zimekaza hewa.

Alikitazama bila kukigusa.

"Bibi, hii ndoo umeitoa wapi?"

"Tanuru la Fridolin, lile la njia ya Namawala. Masika yote lilikuwa limekaa na maji, ndiyo kwanza limekauka. Na mwenyewe kifusi karibu chote ameshakizoa, mimi nimeambulia mdomo mmoja tu. Kwani vipi?"

"Hukuona kitu kingine?"

Bibi Emerensiana alifikiri. "Vijifupa. Si unajua vibarua, tanuru likiwaka wanachoma mbuzi." Aliinama kukiangalia kibati, na mkono uliokuwa ukipangusa majivu kwenye khanga ukasimama. "Ila mwaka huu alichoma peke yake," akasema taratibu. "Vibarua wote aliwarudisha makwao. Alisema mvua imeanza, hana kazi ya kuwapa."

Mzee Nickolaus aliitwa. Alikuwa mtu wa maneno, mtu ambaye hata kumwuzia mteja bolti moja alianza na historia ya trekta. Alikiokota kile kibati, akakigeuza, akakilaza kwenye kiganja. Kisha akavua kofia yake, akabaki amesimama juani na kipara chake.

"Vilikuwa viwili," Agnetha alisema. Sauti yake ilimfikia kana kwamba imetoka kwa mtu mwingine. "Hiki ni kimoja."

"Cha pili kiko wapi?"

Jibu lilikuwa limeshamfikia. Akilini aliuona mkokoteni ukiingia uani kwao, unamwagwa, unarudi kuchukua mwingine. Aliiona miguu ya mama yake, peku, ikikikanyaga kile kifusi kukipima kama kimelingana.

"Na yeye yuko wapi saa hizi?" aliuliza mzee.

"Nyumbani. Anashindilia. Wapo wawili tu na mama."

Mzee Nickolaus alivaa kofia. "Sikiliza, mwanangu. Mimi na bibi tunakwenda polisi na ndoo hii na hiki kitu. Wewe nenda nyumbani kakae na mama yako. Usimwambie mtu lolote. Akizungumza, zungumza. Akicheka, cheka. Tunakuja."

Ulikuwa ushauri mzuri, na kama kuna aliyewahi kujaribu kuufuata ushauri wa namna hiyo atajua ulivyo mgumu. Agnetha alitembea. Wanawake sokoni walimwita, akawaitikia. Mwendesha baiskeli aliyebeba pumba alimwambia apishe, akapisha. Alikuwa amekaribia kwao ndipo alipohisi uzito begani na kugundua kwamba mashine bado anayo, mkanda umemkaa shingoni, fimbo inaning'inia. Alisimama. Kuirudisha yadini ni kumwacha mama muda wote huo. Kuificha kichakani, mtu angeiokota. Basi akaenda nayo, na hilo ndilo kosa alilolifanya.

Fridolin alikuwa ndani ya chumba kipya, ameshika gogo la kushindilia lenye mishikio miwili, jasho linamtiririka. Kila gogo liliposhuka, sufuria zilizoanikwa kwenye kichanja uani zilitetemeka kidogo. Mama Klementina alikuwa ameweka kiti chake mlangoni, ungo mapajani, uso wake umetulia kuliko ulivyowahi kutulia tangu Machi.

"Agi, mbona mapema?" aliuliza. "Unaumwa?"

"Kichwa tu, mama."

"Ingia uone. Mwenzio leo anamaliza."

Agnetha alisogea mlangoni. Sakafu ilikuwa nyekundu, laini, imelingana kama meza. Vipande vya matofali, vumbi, na katikati yake michirizi ya majivu meupe. Alitafuta pa kuweka miguu yake akapakosa, akabaki kizingitini.

"Karibu kwa Lukelo," Fridolin alisema, akacheka.

Agnetha naye akacheka. Aliusikia mdomo wake ukicheka.

"Na hiyo ndiyo ile mashine ya yadini?" Fridolin aliliegemeza gogo ukutani, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Wananisimulia tu kila siku. Hebu."

"Si ya kuchezea. Ya watu."

"Nami si mtu?" Alikuwa ameshafika, ameshaishika fimbo. Aliuvua mkanda kwenye shingo ya Agnetha kwa upole kabisa, kama anamvua mgeni mzigo, na vidole vyake vilivyogusa shingo vilikuwa vya moto kwa kazi. Kama angemkatalia kwa nguvu, Fridolin angemuuliza kuna nini. Agnetha alitazama njiani. Njia ilikuwa tupu, kuku wanachakura.

"Mwache ajaribu," mama alisema. "Kavunja mgongo humu ndani kwa ajili yetu."

Fridolin alivaa hedifoni, akabonyeza mahali palipoandikwa kuwasha. Akaipitisha pete juu ya ndala zake. Kimya. Akaipitisha juu ya koleo, akarudisha kichwa nyuma. "Inakoroma kama mlevi," alisema kwa sauti kubwa, maana aliyeziba masikio hajui anavyopiga kelele. Alifurahi. Akaishusha hadi sakafuni na kuanza kutembea nayo, pembe hadi pembe, akiiga mwendo wa Agnetha kwa dhihaka. Msumari mmoja ukamkoromea, akacheka. Akasogea.

Agnetha alikuwa akiomba. Hakuomba kwa maneno yaliyopangika, alirudiarudia tu kwamba isiwe hapa, isiwe leo, iwe mkononi mwa polisi, mama asiwepo.

Karibu na ukuta wa dirisha, pale walipopanga kuweka kitanda, Fridolin alisimama. Akarudisha pete. Akaipeleka tena.

"Hapa kuna kitu," alisema.

"Msumari," Agnetha alisema haraka.

"Ati nini?" Hakumsikia. "Hiki hakikoromi. Hiki kinaguna. Chuma gani kinaguna hivi?" Akawageukia wote wawili, macho yamejaa utani, akaubana mdomo, akautoa mguno ule puani kama alivyousikia, sawasawa kabisa, na mkia wake.

"Ng'mm."

Mchele uliokuwa ukirushwa kwenye ungo haukurudi wote. Punje zilimwagika kwenye mapaja ya mama Klementina, zikadondoka chini, na hakuziokota. Alimtazama Fridolin. Kisha akamtazama binti yake aliyekuwa kizingitini, na Agnetha alijua kwamba uso wake mwenyewe umeshasema kila kitu, wala hakuwa na namna ya kuufunika.

"Rudia, baba," mama alisema. Aliashiria kwa mkono ili aelewe.

Fridolin alicheka kabla hajamaliza kuambiwa. Akaishusha pete pale pale, akasikiliza, akarudia.

"Ng'mm."

Mama Klementina aliinuka kitini. Aliuweka ungo chini kwa uangalifu, akapenya kando ya Agnetha kuingia chumbani, akampita Fridolin bila kumgusa. Alipofika karibu na dirisha aliinama, akashika sakafu kwa kiganja, kisha akaketi. Aliketi pale chini kwenye kifusi, akainyoosha miguu yake mbele, mmoja baada ya mwingine, akaweka mikono mapajani.

"Mama, utachafuka," Fridolin alisema. Kicheko kilikuwa bado usoni pake, kimesahauliwa hapo. Alimwangalia Agnetha, akaangalia mlango, ambao Agnetha alikuwa ameuziba kwa mwili wake bila yeye mwenyewe kujua. Huko njiani injini ya gari ilikuwa ikikaribia. "Kwani ni nini? Inalilia nini hii?"

Alikuwa ameishusha mikono, na pete ilikuwa imelala sakafuni kando ya mguu wa mama. Hedifoni zilikuwa bado masikioni mwake, na mguno uliendelea.